Maswali Yenu: Stairofomu imeyeyuka

SWALI: Kaka shikamoo, nina vinyago vya askari vya milimita 54, nawatengenezea mandhari ya vita vya Tanga, Novemba 1914, sasa nimepuliza rangi ya kopo kwenye stairofomu (lile povu jeupe jepesi la kufungashia vitu) ikayeyuka yote. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, ile rangi ina thina ndo inakula stairofomu, we paka gundi nyeupe ya mbao mara mbili, iache ikauke mpaka kesho halafu rangi ya maji kwa brashi. Mchanga upitishe kwenye chujio la chai, punje kubwa hapo inaonekana jiwe. Na minazi usiifupishe jamani! Skeli ni 1 kwa 32, yaani kila kitu ni kidogo mara 32 kuliko kile halisi, mnazi wa mita 15 unatoka kama sentimita 47. Weka na mizinga ya nyuki, maana kwenye vita hivyo vya Tanga nyuki waliwashambulia askari kweli.