Mtoto wa mashoto aanze na gitaa gani?
Dada, kwa huyo mwanao wa miaka 10 anayetumia kushoto, anza na gitaa la kawaida, yaani la wanaotumia kulia. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi, kwa hiyo wepesi wake haupotei. Mark Knopfler, mpiga gitaa wa bendi ya Dire Straits, ni mashoto na anapiga la kawaida. Tena hapa Mwanza la mashoto sijaliona dukani. Magitaa ya kwaya yetu Nyegezi yote ni ya kawaida, na watoto wanajifunza kwa kuazima.

Ila akiligeuza kila akilishika, tafadhali usimlazimishe, mdundo unatoka mkono wa kupiga. Mgeuzie mpangilio wa nyuzi kama alivyofanya mpiga gitaa Jimi Hendrix, na fundi achonge upya vijipande vinavyozishikilia, maana mfereji wa uzi mwembamba hauingizi uzi mnene.