Mboga zinanishinda: anza na upishi

Pole ndugu. Unasema mboga ukizitia mdomoni tu unataka kutema, na unaogopa kwamba umeshachelewa kubadilika. Hujachelewa hata kidogo. Ulimi huzoea ukubwani pia, ila kwa kuonja mara kwa mara. Watoto wengine huhitaji hata mara 10, kwa hiyo usikate tamaa kwenye ya tatu. Onja kipande kimoja, ukiwa na njaa, pamoja na chakula unachokipenda.

Na mara nyingi kosa ni la upishi! Brokoli ikichemshwa sana hulegea na kunuka salfa, harufu kama ya yai bovu. Ikate vipande vidogo, ipake mafuta na chumvi kidogo, uioke kwenye moto mkali mpaka kingo ziwe kahawia. Chumvi hufifisha uchungu, na kuoka huleta utamu. Ikikushinda bado, hamia kwenye karoti.