Kile kiduara cha ukutani na bili ya gesi

Wadogo zangu, kwenye picha niliyotuma mliona watoto wamekaa sakafuni na dirishani theluji imejaa, mkauliza: joto la huko ni la bure? Na kile kiduara cha ukutani ni cha nini? Nawajibu bila kuficha.

Si la bure. Hapa Minneapolis, Marekani, kuna usiku wa Januari unashuka hadi nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, na tanuri la gesi lililo chini ya nyumba huwaka na kuzima hadi asubuhi. Anayeliamuru ni hicho kiduara, themostati. Nyumba tuliyopanga ni ya zamani, na hiki ni cha Honeywell, kampuni iliyokulia jiji hili hili. Muundo huo, kazi ya mbunifu Henry Dreyfuss, ulitoka mwaka 1953. Hakina hata betri.

Fundi alipokifungua nilichungulia. Ndani mna utepe mwembamba uliojiviringa kama konokono, wa metali mbili zilizoshikanishwa. Moja hutanuka kwa joto kuliko nyingine, kwa hiyo chumba kikipoa utepe hujipinda huku, kikipata joto hujipinda kule. Nchani umebeba kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Kichupa kikiinama, tone linateleza na kugusanisha nyaya mbili, umeme mdogo wa volti 24 unapita, vali ya gesi inafunguka. Joto likitosha kinainama upande wa pili, tone linaondoka, moto unazima. Ndiyo maana fundi alikifunga kwa pimamaji: kikikaa mshazari, namba zake zinadanganya. Nilivutiwa sana, kwa kweli. Ila zebaki ni sumu, kikiharibika hakitupwi jalalani.

Sasa sikilizeni, maana wengi wanaofika kutoka nyumbani hukizungusha hadi 85 za Fahrenheit, kipimo cha huku, wakidhani chumba kitapata joto upesi. Hakuna kitu kama hicho. Kile ni swichi. Tanuri letu linawaka au limezima, halina nusu. Ukiweka 85 linawaka kwa nguvu ile ile ya 68, tofauti ni kwamba halikomi, na gesi inahesabiwa. Sisi tunaweka 68, yaani Selsiasi 20 za kwetu, na usiku tunashusha hadi 62. Tukisafiri hatuzimi kabisa, maana maji yakiganda mabomba hupasuka.

Na ndipo lilipo jibu la swali mnaloogopa kuniuliza, kwa nini baada ya Krismasi pesa ninayotuma hupungua. Bili ya gesi ya Januari ni mara kadhaa ya ile ya Julai, na mshahara ni ule ule. Karo ya Mei na ya Agosti msiwe na wasiwasi. Ya Januari nitaanza kuituma kidogo kidogo tangu Septemba, kwa hiyo Mama aiweke kwenye akaunti yake ya SACCO, isiguswe kwa mbolea wala harusi.