Risasi Hupenya, Haipenyezi

Msomaji mmoja anayetafsiri maelezo ya filamu za historia ya vita ameniuliza hivi: katika kukieleza kifaru cha Kisovieti cha T-34, aandike kwamba risasi ya mzinga wa Wajerumani "haikuweza kupenyeza bamba la chuma kwa pembe", au kwamba "haikuweza kupenyeza bamba la chuma kwa mshazari"?

Nianze na lile aliloliuliza, maana ni jepesi. Achukue "kwa mshazari". Hiyo "kwa pembe" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kila kitu kinachogonga kingine hukigonga kwa pembe fulani, hata kinachokigonga kikavu usoni, ambacho pembe yake ni nyuzi 90. Kwa hiyo msomaji haambiwi lolote, na kifaru chenye pembe ni yule wa Ngorongoro. Seremala aliyeulaza msumeno akakata ukingo wa ubao husema ameukata hanamu, nalo ni neno ninalolipenda, ila linaufaa ukingo uliokatwa kuliko njia ya kitu kinachokwenda. Akitaja nyuzi, aseme pia zinahesabiwa kuanzia wapi. Bamba la juu la mbele la T-34 lililazwa nyuzi 60 kutoka wima, yaani nyuzi 30 kutoka mlalo, na mtafsiri asiyebainisha humwachia msomaji vifaru viwili achague mwenyewe. Kuhusu "risasi", Waarabu walitupa jina hilo likiwa la ile metali laini ambayo wavuvi huitumia kwa chubwi. Kwamba leo tunaliitia hata kipande cha chuma kigumu kuliko sururu ni mzaha mdogo wa lugha, nami nimekwisha kuuzoea.

Nisilolizoea ni kosa ambalo msomaji wangu hakuliuliza, akaliandika mara mbili bila mkono kumtetemeka. Risasi haipenyezi bamba. Risasi hulipenya bamba, au hushindwa kulipenya. Kupenya ni kupita wewe mwenyewe mahali pembamba au pagumu; kupenyeza ni kukipitisha kitu kingine mahali hapo. Wahenga walikwisha kulimaliza suala hili waliposema "Penye udhia penyeza rupia". ("Penye" ya mwanzo haina udugu na kitenzi chetu; ni mahali tu palipo na udhia.) Tuitazame methali hiyo kwa karibu. Anayepenyeza ni mtu mwenye shida zake. Kinachopenyezwa ni rupia. Kinachopenya, mambo yakienda sawa, ni rupia hiyo hiyo, ikiingia katika kiganja cha karani kilichokinga chini ya meza huku mwenyewe akitazama dirishani kana kwamba anangoja mvua. Rupia haikumpenyeza karani. Ingekuwa imempenyeza, ingetubidi tuulize karani mzima amechomekwa katika tundu gani, nani amemwona akiingia, na sasa ni nani atakayegonga muhuri. Basi na risasi "iliyopenyeza bamba" imelinyanyua bamba la chuma, ikalikunja labda, ikalipitisha kwenye ufa wa ukuta wa jirani. Na hilo ni jambo la kustaajabisha kuliko vita vyenyewe.

Watangazaji wa mpira, ambao nimewasema vibaya kwa mengine mengi na sitarudisha maneno yangu, katika hili hawana doa. Kiungo hupenyeza pasi kati ya mabeki wawili, mpira hupenya, na mshambuliaji hupenya nyuma yake. Sijapata kumsikia hata mmoja wao, akiwa amepandwa na jazba kiasi gani, akisema kwamba mpira umepenyeza mabeki.

Kosa hili nadhani najua linakotoka, na hapo hasira yangu hupungua kidogo. Katika habari hii ya risasi na bamba kuna kitenzi kingine chenye -eza, nacho ni halali kabisa: kuteleza. Risasi inapolifikia bamba lililolazwa, ncha yake huguswa na chuma upande mmoja kabla ya mwingine, na nguvu hiyo isiyo sawa huisukuma ncha igeukie nje badala ya ndani. Mwinamo ukizidi, risasi huteleza juu ya uso wa bamba, ikauparaza na kuuachia mfereji mfupi unaong'aa, kisha ikapaa na kwenda zake. Mwinamo ukiwa mdogo, na mwendo ukitosha, ncha huuma chuma na kupenya. Na inapokaribia uso wa nyuma, ambako chuma kilichobaki ni chembamba, mara nyingi hujipinda kuifuata njia iliyo fupi zaidi ya kutokea. Kwa hiyo mwandishi huandika "iliteleza", sikio lake likabaki na mlio huo, na sentensi inayofuata humtoka "ilipenyeza". Lakini -eza ya teleza imezaliwa na neno lenyewe, na ukitaka kumtelezesha mtu itakubidi uongeze silabi. -Eza ya penyeza ni ya kutendesha, kama ile ya legeza, na hakuna mwenye punda anayelalamika kwamba kamba "imelegeza".

Bamba la T-34 lilikuwa na unene wa milimita 45 tu. Likilazwa kwa nyuzi zile 60 kutoka wima, risasi inayokwenda mlalo hukabiliwa na milimita 90 za chuma, mbali na hatari ya kuteleza isiyoingia katika hesabu hiyo. Wajerumani walikuwa na mzinga wa milimita 37 ulioshindwa kabisa na bamba hilo kutoka mbele, na askari wao wenyewe waliubandika jina ambalo kwa lugha yetu ni "kibisha hodi cha jeshi". Hodi zilibishwa nyingi. Hakuna kilichopenya, na hakuna aliyepata nafasi ya kupenyeza chochote.

Aandike basi: "Risasi za mzinga wa milimita 37 zililigonga bamba kwa mshazari, zikateleza bila kulipenya." Mhariri wake akilirudisha "kulipenyeza", kama ninavyowajua wahariri, amuulize risasi hizo zililipenyeza wapi.