Hita Ikidondosha Maji, Usiizibe Mdomo

Kuna hita moja ya kupasha maji, ya lita 80, pale Njiro, Arusha, ambayo nusura niigeuze bomu kwa mikono yangu mwenyewe. Naisimulia kwa sababu bado napokea simu za vijana walioko saiti, tajiri kawasimamia kichwani, wanataka kufanya kosa lile lile nililofanya mimi.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Nilimfungia hita ukutani bafuni, mabomba ya plastiki ya PPR, valvu ya usalama kwenye njia ya maji baridi kama ilivyotoka kwenye boksi. Wiki mbili baadaye akapiga simu: "Fundi, mbona umeniwekea kitu kinachovuja?" Nikaenda. Kweli, kila hita ikiwaka, valvu inadondosha matone kwenye marumaru zake mpya. Alishatandika kitambaa na kitambaa kimelowa chepechepe. Nikabadilisha valvu. Mpya nayo ikadondosha. Nikaona haya. Safari ya tatu nikaitoa kabisa, nikaweka nonritani ya kawaida ya shaba, yaani valvu inayopitisha maji upande mmoja tu. Pakawa pakavu. Mama akafurahi, akanipa chai na maandazi, nikaondoka najiona fundi kwelikweli.

Maji yakipata moto yanapanuka. Hilo tulisoma shule ya msingi, ila kichwani mwangu halikuwahi kukutana na hita. Lita 80 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 70 zinaongezeka zaidi ya lita moja na nusu. Lazima hiyo lita na nusu ipate pa kwenda. Nyumba yenye simtanki juu ya mnara na njia isiyo na nonritani, maji yanarudi polepole kule tangini na hakuna anayejua. Lakini mama huyu alikuwa na busta pampu ya kuongeza presha, na pampu ina nonritani yake. Baadhi ya mita za maji nazo zina kizuizi kama hicho ndani. Hapo maji yamefungiwa, na tundu pekee lililobaki ni lile la valvu, inayofunguka kidogo presha ikifika bari 7 au 8 (bari ni kipimo cha presha), kutegemea kilichoandikwa ubavuni mwake. Kwa hiyo yale matone ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe ya valvu. Mimi nikaiachisha kazi.

Miezi kadhaa baadaye, Jumapili asubuhi, mama akafungua bomba la maji moto likatoa mvuke na kukohoa. Alikuwa mwerevu: alilifunga, akazima umeme kwenye mein swichi, akatoka bafuni. Kabla sijafika, jointi moja juu ya dari ilikuwa imeachia. Jipsamu yote ya bafuni ikawa sakafuni, na hita imevimba tumbo kama chura. Hakuna aliyeumia. Jipsamu niliilipa mimi, kwa awamu.

Nilipofungua kifuniko cha hita nikakuta jambo ambalo sikulitarajia. Thermostati, ile inayokata umeme maji yakishapata moto, ilikuwa imeganda, haikati tena. Hilo hutokea, na ndiyo maana kiwandani wanaweka kinga ya pili, kile kikato kidogo chenye kitufe ambacho kikishakata hakirudi mpaka ukibonyeze. Kumbe kilikuwa kimerukwa kwa kipande cha waya. Mama akakumbuka: kulikuwa na fundi umeme aliyekuja kwa sababu hita "inajizima zima ovyo", akaitengeneza kwa nusu saa. Fundi yule wala simlaumu sana, maana tulifanana. Mimi nilimwondoa mlinzi mmoja, yeye akamwondoa wa pili, na hatukuwahi kuonana. Kila mmoja alimwacha mteja ameridhika.

Hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, sufuria ya maji inachemka karibu nyuzi 95. Ndani ya tangi lililofungwa si hivyo. Kwa presha ya bari 7, maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 170. Yanakaa humo yakiwa maji, yametulia, yana moto karibu kama mafuta ya kukaangia chipsi. Tangi likipasuka, presha inaondoka ghafla na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Ukuta wa tofali hauzuii kitu hicho. Jipsamu na jointi moja ya PPR zilikuwa bahati yetu.

Basi mteja akikwambia valvu inavuja, kwanza weka geji ya presha. Ikisoma juu hata hita ikiwa ya baridi, tatizo ni presha ya maji yanayoingia: funga valvu ya kupunguza presha. Ikipanda pale tu hita inapowaka, ni huko kupanuka. Ukiweza muuzie mteja tangi dogo la upanuzi, la kupokea yale maji yaliyoongezeka, ukishindwa iache idondoshe, ila yapeleke matone mahali pazuri. Bomba la kutolea literemke, lisiwe na koki popote, mwisho wake uwe wazi na uonekane, mbali na mtu anapopita. Kama inadondosha saa zote na geji iko chini, hapo ndipo useme valvu imechafuka. Inua kijiti chake mara mbili tatu ijisafishe, ikigoma badilisha. Valvu mpya haizidi sana posho ya saidia fundi ya siku moja. Na usiweke getivalvu, yaani koki ya kufungia maji, kati ya valvu ya usalama na hita. Nimeikuta hiyo kwenye nyumba za watu wenye hela zao.

Sasa umeme, na hapa nasema na mafundi bomba wenzangu. Kuna kitu tunakifanya bila kujua. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na mabomba ya chuma, na fundi umeme wa enzi hizo alifunga waya wa erthi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, kwenye bomba, kwa kuwa bomba linaingia ardhini. Tunaitwa sisi, chuma kimeoza, tunang'oa kila kitu tunaweka PPR. Plastiki haipitishi umeme. Siku hiyo nyumba nzima imepoteza erthi, na aliyeiondoa ana spana mkononi, hana hata testa. Elementi, kile chuma kinachopasha maji, ikija kutoboka, umeme uko kwenye maji na hauna njia ya kwenda zaidi ya mtu aliyesimama chini ya bafu akiwa miguu peku. Kabla ya kukata bomba la chuma, fuata kama kuna waya wa kijani au wa kijani na njano umelifunga. Ukiuona, simamisha kazi aitwe fundi umeme aweke erthi rodi na RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme mara unapovuja.

Zile bafu za papo kwa papo, zinazopasha maji yakiwa yanapita, ndizo zinazonitisha zaidi. Yenye wati 5,500 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Halafu mtu anaiunganisha kwa waya wa milimita 2.5 uliokuwa wa soketi, na waya ukianza kunuka anasema ni upya. Nataka milimita 6, breka yake peke yake, na RCD. Kule pwani kwenye visima vya maji ya chumvi usifunge ya kawaida kabisa. Ziko zilizotengenezwa kwa maji ya aina hiyo, uliza dukani.

Lakini swali gumu ni nani afunge hizo nyaya. Kisheria, kazi ya kufunga umeme kwenye jengo ni ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja yake. Cheti cha ufundi bomba cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, hata kile cha urasimishaji ujuzi ambacho wengi wetu tulikipata baada ya miaka ya kujifunzia mtaani, hakikupi ruhusa hiyo. Najua saiti ilivyo. Tajiri anasema, "Si nyaya tatu tu fundi, malizia hapo hapo." Nimezifunga sana hizo nyaya tatu. Siku hizi simfungii mtu. Namwambia namleta mwenzangu mwenye leseni, gharama yake iko ndani ya bei yangu. Wateja wawili wamewahi kuondoka kwa sababu hiyo. Waliobaki ni wengi.

Ukianza kushika kazi kubwa, nyumba za kupanga, lodji, mambo yanazidi. Anayefanya biashara ya ukandarasi anatakiwa asajiliwe na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, kwa sheria ya 1997. Hoteli yenye boila ya mvuke ya dobi iko chini ya macho ya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kwa sheria ya 2003, na ukaguzi wa vyombo vya presha si jambo la fundi kuweka saini yake na kwenda nyumbani. Kifaa chenyewe kitazame alama ya TBS, shirika la viwango, na kibandiko chake kiwe na lita, wati na presha ya juu; hita isiyo na kibandiko irudishe dukani hata kama mteja kaileta mwenyewe kwa furaha. Wenzetu wa Kenya wana EPRA kwa leseni za umeme na NCA, mamlaka yao ya ujenzi, inayosajili mpaka mafundi mmoja mmoja, nao wanalia kama sisi kwamba karatasi ni nyingi. Kweli ni nyingi. Malalamiko yangu ni mengine: fundi bomba anaangaliwa na huyu, fundi umeme na yule, na hita imekaa katikati yao.

Hiyo katikati nimejaribu kuiziba kwa karatasi moja. Nikimaliza hita naandika ukurasa mmoja: aina ya kifaa, presha niliyoipima, valvu iko wapi na inakata bari ngapi, matone yanatokea wapi, thermostati nimeiacha nyuzi 60, jina na namba ya leseni ya aliyefunga umeme. Nyuzi 60 kwa sababu maji yakiwa ya vuguvugu tu, bakteria wa legionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanaweza kuzaliana tangini. Ila maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo penye watoto au wazee naweka valvu ya kuchanganya maji moto na baridi na naandika hilo pia. Mteja anasaini, tunapiga picha, nakala moja naibandika kwenye hita ndani ya plastiki. Fundi atakayekuja baada yangu ataikuta. Na mteja akitaka nitoe kinga yoyote, namwandikia ujumbe wa simu kwamba nimekataa na kwa nini. Mara nyingi akishausoma anaghairi.

Hita za sola kwa ufupi, maana zimejaa. Matangi mengi ya mirija ya kioo si ya presha, yana bomba la kupumulia juu. Ukiliziba ili mvuke usitoke, unatengeneza kile kile cha Njiro juu ya paa. Na mirija ikikaa mikavu juani, usiijaze maji baridi saa saba mchana. Inaweza kupasuka yote. Jaza alfajiri.

Hita za gesi nitasema jambo moja: zile zinazovuta hewa ya chumbani zisifungwe bafuni, nukta. Kaboni monoksidi haina harufu, na mtu analegea akidhani ni joto la maji.

Kwa mama yule nilirudi nikafunga hita nyingine, bure upande wa kazi. Valvu ya usalama, geji, na bomba la matone nikalitoboza ukutani mpaka nje, nyuma ya jiko. Akapanda mchaichai pale chini. Umestawi, anachuma wa chai kila siku. Mwaka jana alinipigia: "Fundi, mchaichai wangu umekauka, hebu njoo uiangalie hiyo valvu."