Mabonde na Maziwa ya Juu ya Sichuan: Maswali na Majibu

Tangu safu hii ilipogusia milima ya magharibi mwa China, wengi wameandika, hasa wafanyabiashara na wanafunzi ambao tayari wamo nchini humo. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi, na nimebaki zaidi na mkoa wa Sichuan, kwa kuwa ndiko wengi wenu mnakouliza.

Nimefika kilele cha Kilimanjaro mara mbili bila kuumwa. Je, bado nina sababu ya kuuhofia mwinuko wa Yading? (Msomaji, Moshi)

Sababu unayo, nayo inatokana na namna ya kufika Yading, hifadhi ya milima na maziwa magharibi mwa Sichuan. Kilimanjaro hupandwa kwa miguu, na anayepitia njia ya Marangu hulala kwanza kambi ya Mandara, kwenye mita 2,720, kisha Horombo, kwenye mita 3,720, kabla hajaifikia kambi ya Kibo, hivyo mwili hupata muda wa kuzoea. Uwanja wa ndege wa Daocheng Yading uko mita 4,411 juu ya usawa wa bahari, na hakuna uwanja wa ndege za abiria ulio juu zaidi duniani. Abiria aliyekunywa chai ya asubuhi mjini Chengdu, makao makuu ya Sichuan, kwenye mita 500 hivi, anashuka kwenye ndege akiwa amekwisha kuipita Horombo na kuikaribia kambi ya Kibo, na papo hapo anaanza kuburuta sanduku. Afya uliyokuwa nayo mlimani miaka iliyopita haikuhakikishii chochote katika safari ya namna hiyo.

Ukiwa na muda, nenda kwa barabara. Lala Kangding, kwenye mita 2,500 hivi, usiku mmoja au miwili. Vuka kipito cha Zheduo, chenye karibu mita 4,300, bila kulala huko. Kisha endelea polepole hadi mji mdogo wa Riwa ulio chini ya Yading, ambao hauzidi sana mita 2,900. Kulala juu huumiza kuliko kupita juu. Maziwa yenyewe, yaani Ziwa la Maziwa (maziwa ya kunywa) na Ziwa la Rangi Tano, yako kwenye mita 4,500 na zaidi, na baada ya gari la umeme kukushusha katika malisho ya Luorong utabaki na mwendo wa miguu wa kilomita kama 5. Makopo ya oksijeni yanayouzwa kila duka hutuliza kwa dakika chache tu. Kichwa kikigonga sana, ukaanza kuyumba au ukakosa pumzi hali umekaa, shuka siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Nina vinasaba vya selimundu, ingawa siumwi. Je, niende? (Msomaji, Mwanza)

Zungumza na daktari kabla ya kukata tiketi. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu anapaswa kuliogopa kweli jambo hili, kwa sababu upungufu wa oksijeni huchochea seli kujikunja. Aliyerithi upande mmoja tu, kama wewe, kwa kawaida huishi bila shida, lakini imethibitika kwamba baadhi yao hupata maumivu makali ya bandama wakiwa juu milimani. Maumivu ya ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, usiyachukulie kuwa gesi. Ningekuwa wewe ningechagua Jiuzhaigou, bonde la maziwa kaskazini mwa Sichuan, ambako kulala ni kwenye mita 2,000 hivi na mahali pa juu panapofikiwa na mabasi ya watalii hapazidi sana mita 3,100.

Nitamaliza shughuli za Maonyesho ya Canton, maonyesho ya biashara ya hapa Guangzhou, nibaki na wiki moja. Yading au Jiuzhaigou? (Msomaji aliyeko Guangzhou)

Jiuzhaigou, bila kusita. Maonyesho ya vuli huisha mapema mwezi wa Novemba, na ukiwahi kutoka kabla ya awamu ya mwisho utakuta majani ya milimani bado yana rangi ya njano na nyekundu. Tangu Agosti 2024 treni ya mwendo kasi hutoka Chengdu hadi kituo cha Huanglongjiuzhai kwa muda usiofika saa mbili, kisha unapanda basi, wakati zamani barabara ilikula siku nzima. Tiketi ya hifadhi huandikishwa mapema kwa pasipoti, kwani idadi ya wageni kwa siku ina kikomo. Wiki ya kwanza ya Oktoba, ambayo ni mapumziko ya kitaifa, iepuke kabisa. Yading kwa wiki moja maana yake ni kwenda kwa ndege, na hayo nimekwisha kuyaeleza.

Maji ya Jiuzhaigou ni ya bluu kweli, au picha zimetiwa rangi? Na tetemeko halikuyaharibu? (Msomaji, Nakuru)

Ni ya bluu kweli, ingawa wapiga picha huongeza chumvi. Miamba ya huko ni ya chokaa, nayo maji huiyeyusha kidogo kidogo, kisha huiacha tena juu ya kila kinachoyazuia, hata kingo zikajijenga zenyewe na maziwa yakapangana kwa ngazi. Vumbi la matope nalo hunaswa humo, maji yakabaki maangavu mno, huku mwani na tofauti za kina zikileta kijani na manjano. Katika ziwa Wuhuahai utaona magogo yaliyolala chini ya maji, kila kitawi kimevikwa ukoko mweupe wa chokaa.

Tetemeko la tarehe 8 Agosti 2017 lilibomoa ukingo wa ziwa Huohuahai, nalo likakauka. Ukingo huo ulijengwa upya na maji yakarudi. Wapo waliosema lingeachwa lijiponye lenyewe, na hoja yao naiona ina uzito, maana baadhi ya maziwa ya bonde hilo yalizaliwa na maporomoko ya mawe.

Je, nahitaji kibali maalumu? (Msomaji, Kampala)

Kwa Jiuzhaigou na Yading, viza yako inatosha. Mkoa wa Tibet ni habari nyingine: mgeni hupata kibali kupitia wakala wa safari, na haruhusiwi kuzunguka bila mwongozaji. Maeneo ya mpakani, kama kijiji cha Baihaba karibu na ziwa Kanas huko Xinjiang, nayo yana kibali chake. Hoteli hukuandikisha polisi. Ukilala nyumbani kwa mtu, kujiandikisha ni jukumu lako, ndani ya saa 24.

Nitapata wapi chakula halali? (Msomaji, Unguja)

Chengdu na Songpan hutahangaika. Songpan, ulio njiani kwenda Jiuzhaigou, una Waislamu wa kabila la Hui na misikiti yao, na vibao vya migahawa yao huandikwa pia kwa herufi za Kiarabu. Ukishapanda kwenye vijiji vya Watibeti, nyama ni ya yaki na mchinjaji mara nyingi si Mwislamu, hivyo tegemea tsampa: unga wa shayiri iliyokaangwa, ambao mwenyeji huukanda kwa vidole bakulini pamoja na siagi na chai ya chumvi mpaka ushikane kuwa donge. Hushibisha sana, lakini chukua tende zako.