Kijana wangu, usimnunulie baba yako bakora yenye upanga

Juzi usiku niliandikiwa na kijana mmoja anayefuatilia maandishi yangu. "Shikamoo mzee. Baba yangu anatembea kwa bakora tangu apate kiharusi. Mwezi uliopita vijana wawili walimpora simu, wakamsukuma akaanguka. Nimeona bakora inauzwa mtandaoni, ukizungusha kishikio unachomoa upanga. Nataka kumnunulia. Nasikia wewe unazijua, unanishauri vipi?"

Ujumbe huo niliusoma mara tatu, kisha nikaiweka simu kifudifudi. Miaka sita iliyopita mimi ndiye niliyekuwa baba huyo. Na bakora ya namna hiyo niliitembelea kwa miezi minane.

Nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga ya kulia. Jioni moja mtu alinijia kwa nyuma, akakwapua begi langu, nikaenda chini. Nilibaki nikipapasa ardhini kutafuta bakora huku watu wakipita. Maumivu ya nyonga yalitulia baada ya siku chache, lakini aibu ilikaa. Nilizoea kuwa mtu wa kuwasaidia wenzangu kuvuka barabara, na sasa nilikuwa naogopa kutoka nje saa kumi na mbili jioni. Kama umewahi kupita hapo hutahitaji nikueleze zaidi.

Mdogo wangu alilichukulia jambo lile kama tusi lake mwenyewe. Wiki mbili baadaye alikuja na kifurushi kirefu. Ndani mlikuwa na bakora nyeusi inayong'aa, kishikio chake kichwa cha tai. Akakizungusha, akavuta, ukatoka upanga mwembamba wa karibu sentimita sitini. "Sasa waje," alisema. Nilimkumbatia. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu niporwe, nilijiona mtu mzima tena.

Nayasema haya ili ujue kwamba sikudharau unachokitaka. Unataka baba yako atembee kichwa juu. Mdogo wangu alitaka hivyo hivyo kwangu, na kwa kweli nilitembea kichwa juu. Nilinyoosha mgongo, niliwatazama watu machoni, nilipita njia nilizokuwa nimeziacha. Wageni wakija nyumbani nilikuwa nawaonyesha. Nilisoma historia yake yote. Wazungu wa karne ya 18 na 19, walipoacha kuvaa panga viunoni hadharani, walizificha ndani ya bakora. Wajapani nao, baada ya amri ya mwaka 1876 iliyokataza kuvaa panga mbele za watu, kuna waliozitia ndani ya fimbo. Nilijihesabu katika ukoo wa watu hao.

Kisha ikaja siku ya wavu wa mfereji.

Nilikuwa navuka mtaani, watu wengi. Ncha ya bakora ikazama kwenye tundu la wavu wa chuma uliofunika mfereji, ikakwama. Nikafanya ambacho kila mwenye bakora hufanya: nikazungusha kishikio kidogo na kukivuta kwenda juu. Bakora ikabaki pale pale imesimama, mimi nikabaki na upanga mtupu mkononi. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alimnyakua mtoto wake na kupiga kelele. Watu wakatawanyika. Na mimi, ambaye nyonga yangu haibebi mwili bila msaada, nilikuwa nimesimama katikati ya barabara bila cha kuegemea, nikiwa na chuma chenye ncha kali. Nilianguka kwa ubavu. Upanga uligonga lami nusu hatua kutoka usoni mwangu.

Hapo ndipo ningekoma, lakini sikukoma. Nilirudi nyumbani nikazungushia utepe wa gundi pale kishikio kinapokutana na mti, mizunguko mitatu, ili kisichomoke tena. Fikiria hilo kwa makini. Upanga uliotakiwa kuniokoa kwa sekunde mbili sasa ulihitaji nikae chini nibandue utepe, na bado nikaendelea kuubeba. Ukiniuliza nilikuwa nabeba nini, nitakwambia nilikuwa nabeba hisia.

Wala tatizo si utepe wala bakora ile pekee. Chukua bakora ya kawaida uangalie unene wake. Ukitoboa tundu katikati na kubakiza mti wa kutosha pande zote, nafasi inayobaki ni ya bapa jembamba kama kidole. Halifai kukatia, linafaa kuchoma tu. Halina kinga ya mkono, kwa hiyo ukichoma kitu kigumu kiganja chako kinateleza kuelekea kwenye makali. Na zile zinazouzwa kwa wingi, upanga umeshikamana na kishikio kwa kijiti kifupi cha skrubu, na hapo ndipo unapokatikia.

Sasa iangalie kama bakora. Mti uliotobolewa tundu hauna nguvu za mti mzima. Pale kishikio kinapoungana na mti pana kiungo, na kiungo hicho ndicho kinachobeba uzito wako kila hatua. Kikilegea, bakora inacheza mkononi. Chuma kinagonga ndani ukitembea, na unyevu ukiingia kinapata kutu. Tena bakora ya mti unaweza kuikata kwa msumeno ikafuata kimo chako, lakini hii huwezi, maana upanga umejaa ndani. Yangu ilinizidi urefu. Nilitembea miezi minane bega la kushoto likiwa limepanda, na hadi leo bega hilo linanisumbua.

Na baba yako, kijana wangu, amepata kiharusi. Upande mmoja umedhoofika. Bakora inakaa katika mkono mzima, mkono pekee anaoutegemea. Kuchomoa upanga kunataka mikono miwili, mmoja ushike ala na mwingine uvute. Atashika na upi? Nilipofika kwenye maneno yako hayo, "tangu apate kiharusi", nilijua kwamba unampenda lakini hujakaa ukamtazama anavyotembea. Nisamehe kwa kukuambia hivyo. Mdogo wangu naye hakunitazama. Bakora nilikuwa naishika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu nyonga mbovu ni ya kulia, na mimi natumia mkono wa kulia kwa kila kitu. Hata kabla ya utepe, nisingeweza kuuchomoa bila kwanza kujiangusha.

Nije kwenye sheria, maana hapa ndipo niliumia kweli.

Asubuhi moja nilikwenda kwenye jengo la ofisi kufuatilia hati. Mlangoni pana mashine ya kukagua mizigo. Bakora ikapita, mlinzi akaitazama skrini, akaniangalia, akaitazama tena. "Mzee, humu ndani mna nini?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Ni ya kujilinda tu."

Maneno hayo manne yaliandikwa, na yalisomwa mbele ya hakimu. Mimi nilidhani najitetea. Kumbe mwenye sheria anasikia mtu akikiri kwamba chuma kile kimebebwa kwa ajili ya kumdhuru binadamu. Mtu mwenye kisu cha jikoni kwenye kikapu anaweza kusema anakwenda kupika. Wewe mwenye upanga ndani ya bakora utasema nini? Umeuficha, na kule kuficha kwenyewe kunasema kwa niaba yako.

Bakora ikachukuliwa kuwa kielelezo. Ikafungwa kwenye mfuko, ikaandikwa namba. Hakuna aliyefikiri kwamba mwenye kielelezo anahitaji cha kutembelea. Niliingia mahabusu nikiwa nimeshika ukuta, na nikalala humo usiku mmoja. Kilichofuata ni cha kawaida: wakili, tarehe, faini, amri ya kuiteketeza bakora. Sitakuchosha nacho.

Ila waliniuliza nimeipata wapi. Nami, kwa woga, nikamtaja mdogo wangu. Akaitwa, akahojiwa nusu siku. Hakushtakiwa, lakini tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri, tunasaidiana kwenye misiba na harusi, na jambo lile hatujaligusa. Yeye alinipa zawadi kwa upendo, mimi nikampa jina lake polisi. Kila nikimwona nalikumbuka.

Kwa hiyo unaposema "nataka kumnunulia", ujue kosa linaweza kuanzia kwako. Baada ya kesi nilisoma sheria za nchi nyingi, kwa hasira ya mtu aliyechelewa kusoma. Uingereza imeziweka bakora hizi kwenye orodha ya silaha zilizopigwa marufuku tangu mwaka 1988: kutengeneza, kuuza, kuingiza nchini, kukodisha, kuazimisha na hata kumpa mtu ni kosa. Tangu tarehe 14 Julai 2021 hata kuwa nayo nyumbani kwako, kabatini, ni kosa. Zilizopita umri wa miaka 100 zinahesabiwa kuwa vitu vya kale na zimeachiwa wakusanyaji, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kutoka nayo barabarani. Ujerumani inakataza silaha yoyote ya kuchoma iliyojificha ndani ya kitu cha matumizi ya kila siku. Jimbo la New South Wales huko Australia linakataza hivyo hivyo, liwe bapa refu au fupi. Ufaransa mtu mzima anaweza kuinunua, lakini kutembea nayo bila sababu halali ni kosa.

Marekani inategemea umesimama jimbo gani. California sheria inaitaja kwa jina, na inaeleza kwamba hata ukificha upanga ndani ya mwavuli ni jambo lile lile. New York pia inaitaja. Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2017, mtu mzima anaruhusiwa kubeba bapa linalozidi inchi 5.5, yaani kama sentimita 14, lakini si shuleni, si mahakamani, si hospitalini. Mtu mwenye bakora anakwenda wapi mara nyingi kuliko hospitalini?

Wauzaji wa mtandaoni hawakwambii hayo. Wanaandika "kwa mapambo" kwa herufi ndogo, na picha ya mtu aliyeshika upanga wanaiweka kubwa. Kuuzwa kwake kusikudanganye. Kabla ya kununua soma sheria ya silaha ya nchi yako, na kama hukuielewa muulize wakili. Usimuulize muuzaji.

Na ninyi mlionunua au kurithi bakora kuukuu, zikagueni. Tafuta mstari wa kiungo chini ya kishikio, jaribu kukizungusha pande zote mbili, itikise karibu na sikio. Maofisa wa usalama katika viwanja vya ndege vya Marekani wamezikuta mara nyingi panga ndani ya bakora za wasafiri ambao wenyewe hawakujua kama upanga umo.

Najua utaniuliza: basi baba akae tu aporwe? Hapana. Mimi sikukaa. Bakora ngumu isiyo na kitu ndani ni kifaa kizuri kuliko ile niliyonyang'anywa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mswisi Pierre Vigny alikuwa akifundisha watu mjini London kujilinda kwa bakora ya kutembelea tu, katika shule ya Edward William Barton-Wright. Ufaransa mpaka leo wana mchezo wa mapigano ya bakora wenye mashindano yake. Nilimpata mwalimu, nikaanza nikiwa nimekaa kwenye kiti, na sasa nafanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Nimejifunza kuinyoosha mbele ili mtu asinifikie, kupiga kiwiko na goti, na kurudi haraka kwenye kuegemea. Najivunia hilo kuliko kichwa cha tai. Na hata hiyo ukiitumia kupita kiasi, ukampiga mtu aliyekwisha kimbia, sheria itakushika. Kipimo ni kujinasua uondoke.

Kwa baba yako sitaanzia kwenye kupiga. Mtu wa kiharusi adui yake wa kwanza ni kuanguka. Muulize mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo kama anafaa bakora ya miguu minne, ile inayosimama yenyewe. Simu aivae shingoni ndani ya nguo. Saa anazotoka, toka naye. Nilipoporwa sikuwa na haja ya upanga kama nilivyokuwa na haja ya mtu wa kutembea naye, na mdogo wangu alikaa dakika kumi na tano tu kutoka kwangu.

Fedha uliyoiweka kwa ajili ya upanga mnunulie bakora ya mti mgumu usiotobolewa, na mipira miwili ya akiba ya kuvalisha chini, kwa sababu mpira ukilika inateleza kwenye sakafu yenye maji. Usiinunue bila yeye kuwepo. Msimamishe wima akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ailegeze, upime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono wake mzima. Kishikio kiishie hapo. Ikimzidi, ikate.